Anti, nina miaka 22 tu na mgongo unaniuma, ninunue huo mkanda?

Shikamoo Anti. Naomba usitaje jina langu. Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka 22, niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Mbeya, kwetu ni Rungwe, kule juu Isongole kwenye viazi. Nimekufuatilia muda mrefu na naona wengi wanakuletea mambo ya mapenzi, sasa sijui kama na hili langu unalipokea ila sina mwingine wa kumuuliza.

Shida yangu mgongo. Panauma huku chini kiunoni, nikiamka asubuhi nina nafuu, ikifika pindi la pili panaanza, shingo nayo inakaza, na saa nyingine nikinyanyuka miguu mizito mpaka nisimame kwanza ndo niweze kutembea. Suruali nilizokuja nazo fasti iya mbili hazifungi tena. Alafu baada ya msosi wa mchana nasinzia darasani mpaka jirani ananipiga kiwiko.

Nikueleze siku yangu. Pindi linaanza saa 2 asubuhi, siku nyingi tunaunganishiwa mpaka saa 6, na venyu yetu viti vimeshikana na meza, ukikaa katikati ya mstari ndo umekaa, hutoki mpaka lekchara aondoke. Nakula kwa mamantilie, nikitoka hapo ni maktaba au geto kwenye laptopu maana asaimenti zote sa hivi ni za kutaipu. Giza likiingia baridi ya Mbeya unaijua, napanda kitandani na laptopu mapajani, nasoma kidogo, sizoni inanichukua mpaka saa 6 usiku uko. Kufua kuna mama anatufulia. Maji yako ndani. Chipsi za usiku naagiza, boda anazileta mlangoni. Toka geto mpaka chuo kwa mguu ni kama dakika kumi lakini asubuhi baridi, masika tope, kwaiyo mimi na rumeti tunachanga tunapanda bajaji.

Na mimi sio mtu wa mjini Anti, sekondari nimeenda na kurudi kwa mguu mlima kwa mlima na sikuwahi kuumwa chochote. Likizo iliyopita nimeenda nyumbani tukavuna viazi, baba ana miaka hamsini na kitu, mimi tuta la pili mgongo ukagoma nikaenda kukaa kwenye kiroba. Mzee akauliza mbele ya vibarua, "hivi huko chuo mnafundishwa kukaa?" Walicheka sana.

Rumeti anasema ni figo. Kuna jamaa tunasoma nae kozi moja anauza dawa za unga, anasema zinasafisha figo na zinarudisha nguvu za kiume, eti mgongo ndo dalili ya kwanza ya hayo yote, na anao pia mkanda wa kuvaa kiunoni. Vyote kwa pamoja vinakula kama robo ya bumu langu, hela yangu ya kujikimu chuo. Wengine wanasema niingie jimu. Jumamosi moja nilijikaza nikapandisha na wenzangu njia ya mlima Loleza tukikimbia, nikashindwa kushuka ngazi mpaka Jumanne, nikaacha. Na mimi ndo CR, yani kiongozi wa darasa, nikisikiliza wenzangu nusu yao wanalia mgongo na shingo. Sasa ni figo kweli? Mkanda nichukue? Nifanye nini ambacho nitakiweza?

Ndaga fijo Anti.
Wa Isongole, Mbeya

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na ndaga na wewe. Nalipokea kwa mikono miwili, tena umenipumzisha, wiki nzima nilikuwa nasoma nani kamblock nani.

Nianze na hela maana bumu likishatoka halirudi. Dawa ya unga usinunue. Mtu ambae hajakupima mkojo, hajakushika mgongo, hajui hata presha yako, amejuaje figo zako chafu? Na figo hazisafishwi kwa unga mwanangu, kazi yake yenyewe ndo kusafisha, na hizo unga zisizojulikana zina nini ndani ndo zimewahi kuwaharibia watu figo zilizokuwa nzima. Hilo la nguvu za kiume amelichomeka kwa sababu anajua kijana wa miaka 22 akisikia hivyo ataogopa atatoa pesa bila kuuliza. Biashara ni biashara ila sio ya kufanyia kwenye mgongo wako.

Maumivu ya figo kwa kawaida yanakaa upande, juu kidogo chini ya mbavu, mara nyingi yanakuja na homa, kutetemeka, kichefuchefu, mkojo unaochoma au wenye damu, na ukae ulale usimame yenyewe yapo tu. Ya kwako umeandika mwenyewe, ukilala yanapungua, ukikaa masaa mawili yanarudi. Hiyo ni tabia ya misuli na viungo vilivyochoka kushikilia mkao mmoja. Lakini mimi nasoma barua tu, kwaiyo nenda zahanati, kama una bima itumie, wakupime mkojo na presha, swali la figo lifungwe kwa kipimo sio kwa rumeti. Na usisubiri ata siku moja, ata iwe wiki ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula), kama utaona ganzi inashuka mguuni au mguu unakosa nguvu, au unashindwa kuzuia haja, au unapata homa za jioni na kupungua bila sababu (kifua kikuu kinaweza kushika uti wa mgongo, wengi hawajui), au mguu mmoja unavimba na shavu la mguu linauma. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Mkanda nao acha. Kwa maumivu ya aina hii wataalamu wengi hawaushauri, na ukiuvaa utaendelea kukaa vile vile tu, umevaa mkanda.

Sasa tuongee habari yenyewe. Nimejumlisha siku yako ulivyoiandika, pindi, msosi, maktaba, laptopu, sizoni, nikapita masaa 12 na bajaji sijaiweka. Usidhani uko peke yako au wewe ndo mvivu wa kwanza. Mwaka 2020 kuna watafiti walikusanya tafiti nyingi za wanafunzi wa vyuo vikuu nchi mbalimbali, wakiulizwa wenyewe wanakaa muda gani jibu lilikuwa wastani wa masaa 7 na kitu kwa siku, walipofungwa kifaa cha kupima ikawa karibu masaa 10. Yani mtu anakaa na hajui kama anakaa. Mimi niko Iringa, hapa Kihesa nawaona wanafunzi kila siku, chipsi za ng'ambo ya barabara zinaletwa na boda, sasa nani atasema hili ni la Mbeya peke yake.

Kukaa kuna madhara gani wakati umetulia tu hufanyi kosa? Hii ilianza kuonekana zamani. Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza anaitwa Jerry Morris na wenzake walitoa matokeo ya watu wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva na konda basi moja, kampuni moja, ila dereva kutwa amekaa, konda kutwa anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Madereva walikuwa wanaugua moyo zaidi ya makonda. Na kwa sababu Morris hakuwa mtu wa kukurupuka, mwaka 1956 akaja na habari ya sare zao, akakuta viuno vya suruali za madereva ni vikubwa kuliko vya makonda, tena tofauti ilikuwepo tangu wanaajiriwa, kwaiyo sio kiti peke yake chenye lawama. Nakwambia hivi makusudi ili mtu asikutishe kwamba kiti kinaua. Ila tafiti zilizofuata miaka na miaka zimeendelea kuonyesha hilo hilo, kukaa sana kunaendana na kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo, hasa kwa mtu ambae mwili wake hautumiki kabisa.

Na hizo dalili zako zinaelezeka. Misuli mikubwa ya mapaja na makalio ndo inayokula sukari nyingi mwilini, ukikaa inalala, umetoka kula sahani ya wali na maharage ukaenda kukaa, sukari inabaki kwenye damu muda mrefu kuliko ingekuwa unatembea. Damu ya miguuni nayo inarudi juu kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu kila unapopiga hatua, usipopiga hatua inatuama, ndo maana ukisimama miguu mizito. Kusinzia sasa, nusu ni huo wali, nusu ni sizoni ya saa 6 usiku na pindi la saa 2 asubuhi, hapo hatuna haja ya kumtafuta mchawi.

Habari njema ni kwamba dawa yake haidai jasho. Mwaka 2012 watafiti wa Australia waliwachukua watu wazima wanene wakawakalisha masaa mengi baada ya kuwapa kinywaji cha sukari na mafuta, siku nyingine wakawa wanawanyanyua kila baada ya dakika 20 watembee dakika 2 tu kisha warudi kukaa, na sukari ya damu ikapanda kidogo kuliko siku waliyokaa moja kwa moja. Ata kutembea pole pole kulisaidia. Mwaka 2023 chuo cha Columbia kule Marekani walijaribu vipimo tofauti tofauti wakaona dakika 5 kila nusu saa ndo ilifanya vizuri kwenye sukari na presha kwa pamoja. Najua hutaweza nusu saa kwa nusu saa ukiwa kwenye pindi, sikutumi huko, ila geto na maktaba hakuna aliekushika miguu.

Ndo maana habari ya jimu naiweka pembeni kwanza. Sio mbaya, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Lakini mwongozo huo huo unasema pia punguza muda wa kukaa, haujataja masaa mangapi, umesema tu weka mwendo wa aina yoyote mahali pa kukaa. Mtu anaekwenda jimu Jumamosi alafu siku sita kalala na laptopu mapajani bado hilo la pili hajaligusa. Na wewe ulichofanya ni kukaa mwaka mzima kisha ukajipandisha Loleza kwa mbio siku ya kwanza, mwanangu, wale wenzako walikuwa wanakutakia mema kweli? Kushindwa kushuka ngazi baada ya mlima ni kawaida kabisa, misuli haijazoea mteremko, haukuharibu kitu, ulianzia juu tu.

Angalia kitu hiki kwenye barua yako mwenyewe. Ulivyokuwa Isongole hukuwahi kufanya mazoezi ata siku moja, nina uhakika hukuwa unajua maana ya planki. Ulikuwa unaenda shule, unachota maji, unafua, unatumwa dukani. Umefika chuo kila kimoja kati ya hivyo kimechukuliwa na mtu mwingine, maji yameletwa na bomba, nguo mama, chipsi boda, njia bajaji. Hujawa mvivu, kazi zako za miguu zimegawiwa. Kwaiyo badala ya kutafuta muda wa kitu kipya anza kuzidai baadhi zirudi.

Bajaji iwe ya kwanza. Dakika kumi kwenda, kumi kurudi, na mchana ukirudi geto kubadilisha madaftari ni kumi na kumi tena, hiyo ni dakika 40 kwa siku na hujavaa raba. Kuna uchambuzi ulitoka 2016 wa watu zaidi ya milioni moja, walioonekana kusalimika na hatari ya kukaa zaidi ya masaa 8 ni wale waliokuwa wanapata kama dakika 60 mpaka 75 za mwendo wa wastani kila siku. Wewe na hizo 40 umebakiza kidogo, ukitembea jioni kutoka Kabwe mpaka Mwanjelwa kununua nyanya na kurudi umemaliza. Watu wanapanda bajaji Kabwe mpaka Mwanjelwa, jamani. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inauma najua, lakini ni dakika mbili za kwanza tu, ukishachangamka unafungua zipu mwenyewe. Tope la masika nakuruhusu bajaji siku mvua imekomaa, ila sio kila siku iwe masika.

Mama wa kufua usimnyime riziki, ana watoto. Muachie mashuka na majinsi, mashati na soksi fua mwenyewe, umesimama. Chipsi kama lazima ule fuata mwenyewe. Simu ya nyumbani ongea unatembea, najua mama zetu wakianza habari za msiba wa jirani ni nusu saa.

Kitandani na laptopu hapo ndo mgongo wako unapoharibikia, tutagombana ukibisha. Umekunja kiuno, shingo imeinama, masaa manne, kila usiku. Shuka. Kaa kwenye kiti blanketi mabegani, laptopu ipandishe juu ya vitabu au ndoo iliyogeuzwa mpaka kioo kifike usawa wa macho, na ukiwa unasoma desa (notisi) tu bila kutaipu iweke juu ya kabati au dirishani usome umesimama. Kukariri nako unaweza ukitembea, tembea korido ukijisomea kwa sauti, wenzako watakuona chizi wiki ya kwanza, ya pili watakufuata. Diskasheni nazo mnaweza kuzifanyia ubaoni wote mmesimama, mtu ana kitu cha kueleza anachukua chaki, ata kusinzia hamna. Sizoni sikunyimi, ila kipande kikiisha zima usiache kijilete chenyewe kinachofuata, simama, nenda nje ata kuangalia kama geti limefungwa, na saa 4 usiku funga. Na kitu kidogo watu wa baridi wanakisahau, maji. Nyanda za juu watu hatunywi maji mpaka jua litoke. Chukua chupa yenye maji ya vuguvugu, kunywa, kibofu kitakunyanyua chenyewe bila alamu.

Kuhusu nguvu, mara mbili kwa wiki inatosha kuanzia, kukaa bila kiti na kunyanyuka ukiwa umeegemea ukuta, pushapu za kwenye meza, kubeba ndoo ya maji mkono huu kisha huu. Hiyo inashika kiuno vizuri kuliko mkanda. Loleza utaipanda baadae, kwa kutembea. Na shambani kwa mzee ukirudi usishindane nae, yeye hajawahi kukaa miezi tisa. Anza tuta nusu, pumzika umesimama, ukiinama pinda magoti na nyonga usivunjie kiunoni. Swali lake lilikuwa zuri ila angekuuliza pembeni.

Sasa hili la U-CR ndo limenifurahisha. Pindi la masaa manne lililounganishwa hakuna lekchara anaependa kuongea na watu wanaosinzia, yeye mwenyewe kasimama muda wote ndo maana hajui. Usimkatishe katikati. Muwahi kabla hajaanza, muombe kwa heshima dakika tano kila saa likiisha, mwambie wewe ndo utahakikisha watu wanarudi kwa wakati, na kweli uhakikishe, maana wakizagaa ata mara moja hutazipata tena. Watu wanaona aibu kusimama, kila mtu anasubiri mwingine, kwaiyo simama wewe kwanza na marafiki wawili wa mistari tofauti, wengine watakuja. Wala usiwapangie mazoezi ya kunyoosha mikono, watakucheka, mtu akasimame tu, atoke nje aone jua, arudi. Na kama kuna mwenzenu anaetumia magongo au kiti cha magurudumu, au dada mjamzito, usitangaze "simameni wote", sema mapumziko, kila mtu anajua mwili wake unataka nini.

Lekchara akikataa, wengine watakataa, wewe hama katikati ya mstari. Wahi siti ya pembeni kabisa nyuma, pale ukutani, simama dakika mbili unaandika daftari likiwa mkononi kisha kaa, humzibi mtu. Fanya hivyo mwezi, na majibu ya zahanati niandikie.

Anti, Iringa